Mikono ya Wafalme na Koti la Adalbert

Bahasha ilifika Jumatatu, Maman Euphrasie akiwa kwenye kiti chake kifupi anachambua maharage, na kama angejua kilichomo angeifunika kwanza chini ya ungo, kisha ndipo angefikiri la kufanya.

Ilitoka Katana, kwa wazazi wa Lucien, mwalimu wa mwaka wa nne wa shule ya msingi, aliyetaka kumwoa Apolline, kitinda mimba wa nyumba ile. Ndani mlikuwa na barua ya heshima, ya wino wa buluu, mwandishi amepiga kwanza mistari kwa penseli halafu akaifuta vibaya. Ilisema kwamba Jumapili, baada ya misa ya pili, wangekuja na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi iliyolala siku zake zote. Papa Barthélemy akiunywa, wao wamepata binti. Akiuacha, wataubeba na kurudi nao, bila ugomvi. Pamoja na barua zilikuja foto mbili, moja ya Lucien na moja ya baba yake Benoît, ili watu wa nyumba wajue sura za wageni kabla ya kuwafungulia mlango.

Papa Barthélemy hakuimaliza barua. Alikuwa amefanya kazi posta ya Bukavu miaka thelathini na moja, kwenye dirisha la timbre, yaani stempu, na tangu apewe pansheni jicho lake lilikuwa halina tena kitu cha kuchunguza. Akavuta kioo chake cha kukuzia, kile alichoondoka nacho posta kama ukumbusho bila kumuuliza mtu, akainamia foto mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Euphrasie," akasema kwa sauti ya chini. "Kuya uone."

"Niko na maharage, papa."

"Acha maharage. Kuya uone mukono."

Euphrasie akajifuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaja. Kijana alikuwa amesimama wima, amevaa abakosti nyeusi, lile koti la kola fupi lisilotaka tai, ambalo siku zile za Zaire kila mwanaume wa heshima alitakiwa kuwa nalo. Nyuma yake nguzo mbili nyeupe. Chini ya miguu, sakafu ya vyumba vyeusi na vyeupe kama ubao wa dama. Na mkono wake wa kuume umelala juu ya kifua, upande wa kushoto, vidole vinne vimebanana, kidole gumba kinaangalia juu.

Foto ya baba yake: koti lilelile, nguzo zilezile, mkono uleule.

Euphrasie aliitazama mara moja tu, akageuza uso. Aliijua ile abakosti kuliko alivyojua nguo zake mwenyewe, na alijua kilicholala chini ya ule mkono. Lakini akasema tu:

"Ni kijana muzuri. Iko na macho ya mutu anaamukaka mapema."

"Iko na macho ya Framaso," akajibu Papa Barthélemy.

Sasa, elimu ya Papa Barthélemy juu ya Framaso, wale watu wa siri wanaosemekana kushikilia dunia kwa vidole viwili, ilitoka kwenye gazeti moja la Kizungu lililoachwa na mkuu wake wa zamani wa posta siku Wabelgiji walipofunga mizigo. Lilikuwa limepoteza kurasa za mwanzo na kurasa za mwisho. Kwa hiyo alijua katikati ya habari vizuri sana. Ilipoanzia na ilipoishia alijaza mwenyewe. Pamoja na gazeti alikuwa na albamu ya timbre, ambamo wafalme wa Ulaya walilala kwa safu kama maiti wenye nishani.

Akaifungua juu ya meza.

"Angalia huyu mufalme. Mukono iko wapi?"

"Ndani ya koti."

"Huyu, muzukulu yake?"

"Ndani ya koti."

"Damu ni moja, alama ni moja. Sasa inua macho ku ukuta." Ukutani kulikuwa na Moyo Mtakatifu wa Yesu, zawadi ya ndoa yao, kioo kimepasuka pembeni. "Anaonyesha wapi?"

"Moyo wake, papa. Ni Moyo Mutakatifu. Ulitaka aonyeshe goti?"

"Na padri, mu misa, akisema nimekosa, anapiga wapi?"

"Ku kifua."

"Ku kifua! Na baluzi, batu ya damu ya Mwami, mufalme ya kwetu, bakisalimia mukubwa?"

"Banapiga makofi."

"Wapi?"

Euphrasie akafikiri. "Mbele ya kifua. Papa, mutu atapigaka makofi nyuma ya mugongo?"

"Cheka, cheka. Wafalme baliwapa Framaso alama, Framaso baliingiza alama mu kanisa, kanisa ikaleta mpaka huku, baluzi bakapokea, na leo iko Katana, inataka kuoa mutoto yangu." Akagonga foto ya Benoît kwa ukucha. "Huyu anafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Seremala! Na seremala anashika nini mukononi? Ekeri na bikari, vyombo vya pembe na vya duara. Iko mu gazeti, ukurasa wa kumi na saba."

"Hata Yozefu mutakatifu alikuwa seremala."

Papa Barthélemy akachukua daftari yake, akalamba ncha ya penseli, akaandika pia jina la Yozefu.

*

Jumanne na Jumatano hakuonekana nyumbani ila saa ya bugali. Alishuka na kupanda vilima vya Kadutu, mtaa wao, kioo mfukoni, akiingia nyumba za watu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kila alipoingia alisalimia, akauliza habari za wagonjwa, halafu macho yakapanda ukutani. Na kila ukuta ulikuwa na foto, na kila foto ilikuwa na mkono. Direkta wa shule. Mwenye mashine ya kusaga mihogo. Mwimbishaji wa kwaya. Hata yule mzee wa mtaa aliyekuwa hana vidole viwili alikuwa ameweka vitatu vilivyobaki mahali palepale.

Aliwaomba foto zao kwa siku chache, na kwa kuwa alikuwa mzee wa heshima na walimwogopa kidogo, walimpa. Naye akamuuliza kila mmoja swali moja: kwa nini mkono?

Direkta alikohoa, akaangalia mlango. "Papa, kuna maneno mutu haulizwi mbele ya bibi yake."

Mwenye mashine ya kusaga akakunja uso. "Nani amekutuma?"

Mwimbishaji wa kwaya, kijana mpole, aliona haya mpaka masikio yakang'aa. "Banatuambiaka tu tuweke pale, papa. Haifai kusema sana."

Alirudi Jumatano jioni na foto kumi na tisa ndani ya mfuko wa karatasi, na uso wenye furaha ambayo Euphrasie hakuwa ameiona tangu siku ya pansheni.

"Banajua!" akasema. "Bote banajua, na bote banaficha!"

Na katika hilo, Mungu ni shahidi, hakukosea. Wote walijua, na wote walificha. Ila walichoficha ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na abakosti.

"Mimi peke yangu ndiye sikuingia," Papa Barthélemy akaendelea, akitoa karte, kadi yake ya chama, mfukoni. "Angalia foto yangu. Kichwa tu. Safi. Hakuna mukono." Akairudisha karte kwa uangalifu. "Jumapili, mtungi ile siinywi. Nitasimama, nitafunua hizi foto moja kwa moja mbele yao, na batarudi Katana na pombe yao."

Apolline alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Hakuitua.

"Papa, Lucien ni Framaso? Lucien? Hata chaki banamugawiaka nusu nusu!"

"Njo vile banajificha, mutoto yangu."

"Basi nitaenda Luvungi kwa yaya Clémence, na Lucien atanifuata kule, na mutakaa hapa na wafalme yenu!"

Akageuka kwa nguvu, maji yakaruka mpaka mezani, yakamwagikia albamu iliyokuwa bado wazi, yakaharibu nasaba mbili za Ulaya. Baada ya hapo hakuna aliyekula.

Euphrasie alimfuata binti yake nyuma ya jikoni. Apolline alikuwa ameketi juu ya gogo la kupasulia kuni, hajalia, jambo ambalo kwa mama ni baya zaidi.

"Usiende Luvungi kwa dada yako," mama akasema. "Musichana anayetoka nyumbani mtungi haijanywewa, siku ndoa ikimuuma hana mulango wa kugonga."

"Basi semesha bwana yako, maman."

"Nitamusemesha."

"Utamuambia nini? Banamuambiaka kitu?"

Euphrasie alikuwa na kitu cha kumwambia mumewe, na alikuwa amekificha miaka miwili.

*

Habari yenyewe ni hii. Mwaka ule amri ilipotoka kwamba foto ya karte ya chama ipigwe mtu amevaa abakosti, wanaume wa Kadutu walitazamana. Kitambaa kilikuwa cha shida, fundi wa kushona alikuwa na foleni mpaka Noeli. Ndipo Adalbert, mwenye studio ya foto kwenye mteremko wa kwenda Nguba, mtu mfupi mwenye akili ndefu, alipopata abakosti moja nyeusi kutoka Bujumbura na kuining'iniza kwenye msumari. Ukija kupigwa foto, unavalishwa. Ukimaliza, unavuliwa, anaingia mwingine. Mnene alifungwa kwa mbele tu, mgongo ukabaki wazi. Mwembamba alibanwa nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana kila mmoja alitaka foto ya ukutani iseme kwamba koti ni lake.

Koti linalovaliwa na watu thelathini kwa siku linataka kufuliwa na kupigwa pasi. Na aliyekuwa akilipiga pasi, Jumanne na Ijumaa, wakati Papa Barthélemy akicheza dama na wazee wenzake, alikuwa Maman Euphrasie. Kwa siri. Karani wa Serikali, hata wa pansheni, hakubali mke wake afulie watu nguo.

Siku moja, pasi ya makala imewaka vizuri, mtu alikuja mlangoni mwa studio na habari kwamba Clémence, dada yake Apolline, amejifungua mapacha Luvungi. Euphrasie aliinua mikono yote miwili kumshukuru Mungu. Mikono yote miwili, hata ule wa pasi, ulioiacha pasi mahali ilipokuwa. Aliposhusha mikono, moshi ulikuwa unapanda kutoka kifuani mwa abakosti, upande wa kushoto, na ncha ya pasi ilikuwa imetoboa mpaka kwenye bitana.

Adalbert alilia kama mfiwa. Akazunguka chumba. Kisha akasimama, akalivaa koti, akaweka kiganja juu ya tundu, akajitazama katika kipande cha kioo.

"Maman," akasema, machozi bado mashavuni. "Naonekana aje?"

"Unaonekana... mutu mukubwa," Euphrasie akasema, na haukuwa uongo.

Kuanzia kesho yake kila aliyevalishwa aliambiwa: weka mkono hapa, papa, vidole bana, njo vile bakubwa banakaaka. Nao wakaweka, wakashukuru. Nguzo mbili za nyuma zilichorwa na mchoraji wa vibao vya maduka aliyeagizwa minazi miwili. Majani yakamshinda, akayafuta, yakabaki mashina. Sakafu ya dama ilikuwa kipande cha lino, lile zulia la plastiki, alichouziwa Adalbert na kinyozi Mgiriki aliyekuwa anahama. Ndiyo hayo tu.

*

Alhamisi Euphrasie akateremka studio.

"Adalbert, kuya umuambie bwana yangu ukweli."

Adalbert akashika kichwa. "Maman, nikisema, kesho Kadutu nzima inajua direkta alivaa koti ya kukodi. Atanifungia mulango. Mwenye mashine ya kusaga atanipiga. Na unga nitanunua kwa nani?"

"Na mutoto yangu atakaa bila bwana juu ya tundu?"

Adalbert akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Akashusha koti kutoka kwenye msumari, akalifunga ndani ya gazeti. "Chukua. Muonyeshe peke yake. Jumamosi saa nne liwe limerudi, niko na arusi."

Hivyo Ijumaa asubuhi, jua limeingia vizuri mezani, Euphrasie akamketisha mume wake na kufunua kila kitu. Kwanza pasi: Jumanne na Ijumaa, miaka miwili, kwa siri. Halafu mapacha. Halafu tundu. Halafu nguzo, kinyozi, vibanio. Alisema pole pole, bila kuruka kitu, jinsi mtu anavyomwaga maharage yote mezani ili kila jiwe lionekane. Mwishoni akafungua gazeti, akatandika koti.

Alingoja hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira; alikuwa hata amemfungia kuku mmoja wa kuomba msamaha.

Papa Barthélemy hakukasirika. Alivuta kioo chake, akainama juu ya tundu. Muda mrefu.

"Euphrasie," akasema bila kuinua kichwa. "Hii tundu iko na pembe ngapi?"

Euphrasie akaangalia. Ncha ya pasi ni ncha ya pasi. "Tatu," akasema.

"Tatu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pembe tatu. Juu ya moyo. Na wewe unasema ni pasi."

"Ni pasi, papa! Ni mimi!"

"Wewe ulishika pasi, sikatai. Lakini nani alileta habari ya mapacha dakika ile? Kwa nini mapacha, siyo mutoto moja? Kwa nini nguzo mbili?" Akamwangalia mke wake kwa huruma, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kama mtu anayemwangalia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Balikutumia, bibi yangu. Bila wewe kujua. Hao batu banatumiaka batu ya moyo safi."

"Barthélemy!"

"Na hiyo kazi ya pasi," akaongeza, akifunga koti ndani ya gazeti kwa heshima kama mtu anayekunja nguo za misa, "usiiache. Wakijua umestuka, itakuwa hatari."

Euphrasie akatoka nje akasimama katikati ya lupango, uwanja wa nyumba yao. Miaka miwili alikuwa amebeba ile siri kama jiwe kwenye kiatu, na sasa alikuwa ameitoa, na jiwe limeokotwa na kutiwa kwenye kabati la vitu vitakatifu. Ukweli wote ameusema, na haukuwa na kazi yoyote. Kuku alikuwa anamtazama kutoka chini ya kapu. Akamfungua, akamwachia aende zake.

*

Jumamosi, baada ya kurudisha koti, alifungua sanduku lake la chuma, lile la vikwembe, akatafuta chini kabisa, chini ya kikwembe cha arusi yake. Humo mlikuwa na bahasha ambayo hakuwa ameigusa tangu Adalbert alipompa. Hakuweza kuionyesha nyumbani, kwa maana angeulizwa alikuwa anafanya nini kwa Adalbert. Aliangalia kilichomo, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, maana aliona kwamba hili ndilo litakalofanya kazi, na ilimuuma kidogo kwamba uongo uvuke mahali ambapo ukweli umezama. Lakini nani aliwahi kuuliza mtumbwi umechongwa na nani, akiwa anataka kuvuka? Akaificha kifuani.

Jumapili, baada ya misa ya pili, wageni wakafika. Papa Benoît wa Katana, mikono mikubwa, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Lucien, amekonda, jasho linamtoka puani. Na mshenga wao, mzee mmoja wa maneno mengi, ambaye ndiye aliyebeba mtungi na kuutua katikati ya sebule, mrija umesimama katika mdomo wa mtungi huo.

"Tulikuwa tunapita tu," mshenga akaanza, "tukaona mu hii lupango kuna ua. Tukauliza, lina mwenyewe? Bakasema, mwenyewe ni muzee moja wa posta, anajua kusoma hata barua haijafunguliwa."

Watu wakacheka. Papa Barthélemy hakucheka. Mbele yake mezani zilikuwa foto, zimelala kifudifudi kwa safu, na juu yake kitambaa cheupe kama cha altare, ambacho Euphrasie ndiye aliyekitandika. Apolline alisimama nyuma ya mama yake, akimshika kikwembe kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne.

"Wageni," Papa Barthélemy akasema na kusimama. "Kabla ya mtungi, kuna neno."

Akaondoa kitambaa. Akafunua foto ya kwanza. Mkono. Ya pili. Mkono. Alizifunua pole pole, bila kusema, kwa ule utaratibu wa mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini na moja. Kufika ya saba Papa Benoît alianza kutokwa jasho. Kufika ya kumi na mbili mshenga aliacha kutabasamu. Lucien alikuwa anaangalia mtungi kama mtu anayeangalia gari linaloondoka bila yeye. Ya ishirini ilikuwa ya Lucien mwenyewe. Ya ishirini na moja, ya baba yake.

"Sasa mumeona," akasema Papa Barthélemy. "Sasa nitawaambia..."

Mkono wake ukakuta foto nyingine mezani. Ya ishirini na mbili. Aliangalia vidole vyake kama vimemdanganya. Akaifunua.

Mwanaume amesimama kati ya nguzo mbili. Abakosti nyeusi. Chini, vyumba vyeusi na vyeupe. Hana miwani, kwa sababu Adalbert aliomba iondolewe isije ikang'aa, na kwa sababu hana miwani haoni kitu, na kwa sababu haoni kitu ameinua kidevu na kukunja macho kama mtu anayetazama mbali sana, nchi za mbele. Mkono wa kuume uko juu ya kifua. Vidole vimebanana. Kidole gumba kinaangalia juu. Kichwa chake, kilichokatwa kwa makasi kutoka karatasi nyingine ya foto hiyohiyo, kilikuwa ndani ya karte iliyokuwa mfukoni mwa Papa Barthélemy dakika ile; foto nzima hakuwahi kuiona, na ile dakika ya kuweka mkono alikuwa ameshaisahau.

"Huyu nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Angalia muzuri, papa," akasema Euphrasie.

Akavuta kioo. Sebule nzima ilisikia pumzi yake juu ya karatasi. Jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza. Papa Barthélemy aliangalia mkono ule, akaangalia mkono wake mwenyewe, akageuza kiganja, juu, chini. Ingekuwa rahisi sana kusema: kumbe ni koti tu. Neno lilikuwa pale mezani, lilikuwa limelazwa pale tangu Ijumaa, lilihitaji tu kuokotwa. Euphrasie alimwona akilitazama. Alimwona akilipita.

"Mama ya baba yangu," akasema pole pole, "alizaliwa nyuma ya kilima ya baluzi. Siku zote balisema alikuwa na shingo ndefu." Akanyoosha shingo yake. "Damu haipotei. Inakaa kimya, lakini haipotei."

Akamgeukia Benoît. Na macho yake sasa yalikuwa ya mtu mwingine, mpole, mwenye cheo.

"Papa Benoît. Ulijua?"

Maskini Benoît, ambaye wiki nzima hakulala akiogopa wakwe wasije wakagundua kwamba abakosti ya foto ni ya kukodi, aliona siku yake imefika. Akainamisha kichwa.

"Nilijua, papa. Nisamehe. Tulifikiri haitaonekana."

"Inaonekana kwa mwenye jicho."

"Lakini..." Benoît akaiangalia ile foto ya mwisho, akalitambua koti, na uso wake wote ukafunguka kama dirisha. "Basi hata wewe!"

"Hata mimi," akasema Papa Barthélemy.

"Nyamuzinda! Mungu wangu! Na sisi tulikuwa tunaogopa!"

"Kati yetu, ndugu yangu, hakuna kuogopa."

Wakashikana mikono juu ya mtungi, wote wawili wana machozi, na hakuna aliyekuwa anasema uongo. Kisha Papa Barthélemy akainama, akatia mdomo kwenye mrija, akanywa kasiksi mpaka mashavu yakaingia ndani. Apolline aliachia kikwembe cha mama yake. Mshenga, ambaye hakuelewa chochote lakini alijua kazi yake, akapiga vigelegele kama mwanamke.

*

Arusi ilifungwa mwezi wa nane. Wakati ule Adalbert alikuwa tayari amepata abakosti mpya, nzima, kola imenyooka, kifua hakina hata alama ya sindano. Ile ya zamani alikuwa amewakatia watoto wake kaptula.

Akawapanga wote mbele ya zile nguzo: Lucien na Apolline katikati, wazee kulia, wazee kushoto, direkta, mwimbishaji wa kwaya, na mwenye mashine ya kusaga, aliyekuja kwa sababu alisikia kwamba ndoa ile ni ya watu wakubwa. Adalbert akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka.

"Mikono chini, wazee," akasema. "Sasa inaweza kukaa chini. Hakuna shida tena."

Hakuna aliyeshusha. Tisa kati yao walikuwa na makoti yao wenyewe, yaliyoshonwa kwa vipimo vyao, na kila kiganja kilikuwa kimelala juu ya kitambaa kizima. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, pacha mmoja wa Clémence, alikuwa ameweka mkono wake pia, lakini tumboni.

"Adalbert," akasema Papa Barthélemy kwa sauti ya kumsamehe, "usijifanye haujui."

Adalbert akamwangalia Euphrasie. Euphrasie alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mikono yake miwili imening'inia bure, akiwa peke yake kati ya watu wote wale. Alikuwa ameapa hataweka mkono pale hata wamfanyie nini. Lakini alipomwona Adalbert na kitambaa cheusi kichwani kama mjane, na kukumbuka kwamba nyuma yao ilisimama ile minazi isiyo na majani, kicheko kilimpanda kutoka mbali sana, kutoka siku ya mapacha, na akaona kwamba kikitoka hapo mbele ya wakwe wa Katana hakitanyamaza mpaka jioni. Akaufunga mdomo. Akabana kifua kwa mkono wa kuume, upande wa kushoto, kwa nguvu zote, ili kisitoke.

Ndipo Adalbert akapiga.